Usipoziba Ufa: Kazi za Nyumbani na Utunzaji wa Vyombo katika Historia Yetu

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mara nyingi fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, michezo ya jukwaani na sanaa ya uchongaji. Hizo ni nguzo za utamaduni, nazo zinastahili heshima yake. Lakini taifa haliishi katika sherehe tu. Siku nyingi za mwaka hupita katika kuteka maji, kuchanja kuni, kufagia ua, kusugua masufuria, kushona kilichochanika na kukaza kilicholegea. Ndani ya kazi hizo mna ujuzi, mna lugha, mna desturi za jinsi watu wanavyogawana mzigo wa maisha, na mna pia dhuluma ambazo hazikuandikwa katika vitabu vingi.

Katika insha hii tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kazi hizo katika nchi yetu, tangu siku za kinu na mafiga hadi siku za gereji. Tutauliza maswali matatu. Nani alizifanya kazi hizo? Alizifanya kwa vyombo gani? Na jamii ilimtazamaje mtu aliyezifanya? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, maana tutaona kwamba kuudharau mkono unaotunza kumekuwa na gharama kubwa kwa taifa zima.

Nyumba na Uhunzi wa Asili

Nyumba ya miti na udongo ni nyumba inayodai kutunzwa. Mvua za masika hupasua kuta, mchwa hula nguzo, na paa la nyasi au makuti halidumu miaka mingi kabla ya kuezuliwa na kuezekwa upya. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa na desturi ya kujenga tu na kuondoka. Kila mwaka, mvua zilipokwisha, kuta zilikandikwa tena, sakafu ilisilibwa, na majani ya paa yaliyooza yaliondolewa. Katika sehemu nyingi wanaume walikata miti na kuezeka, na wanawake walichota maji, wakakanda udongo na kukandika. Kazi ilipokuwa kubwa kuliko nguvu za kaya moja, majirani walialikana kwa msaragambo, na mwenye nyumba akapika chakula au akatengeneza pombe kwa ajili yao.

Ndani ya nyumba, kazi ilianza kabla ya jua kuchomoza. Nafaka ilitwangwa kwa kinu na mchi, ikapepetwa kwa ungo, kisha ikasagwa kwa jiwe. Maji yaliletwa kwa mtungi kutoka kisimani au mtoni. Kuni zilitafutwa porini na kubebwa kichwani. Mafiga matatu yaliinjikwa chungu, na msemo wetu kwamba jifya moja haliinjiki chungu ulitoka hapo hapo jikoni, si katika baraza la wazee. Kazi hizi, karibu zote, zilikuwa juu ya mabega ya wanawake na watoto wa kike. Watoto wa kiume walichunga mifugo na kusaidia kukata kuni, lakini walipobaleghe waliondoka jikoni wasirudi tena. Hapana budi tuseme wazi kwamba ujima wa asili, pamoja na wema wake wote, haukugawa mzigo wa nyumbani kwa mizani iliyo sawa.

Ajali ndogondogo nazo zilikuwa na mahali pake. Mtungi ulioanguka njiani ulikuwa hasara ya kweli, kwani kuufinyanga, kuukausha na kuuchoma kulichukua siku nyingi. Hata hivyo chungu kilichovunjika hakikutupwa. Kigae chake kilikaangiwa karanga, kilichukuliwa kwenda kuombea moto kwa jirani, au kilifunika chungu kingine. Methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni hutumika leo kumcheka fundi asiyenufaika na kazi yake mwenyewe, lakini inatukumbusha pia kwamba katika nyumba za zamani gae lilikuwa chombo.

Kwa upande wa vyombo vya chuma, nchi yetu ina historia ndefu. Magharibi ya Ziwa Victoria, wataalamu wa mambo ya kale wamepata mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka ipatayo 2000. Wafipa walijenga matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, na chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo kabla ya kufuliwa. Wahunzi wa Upare walifua majembe, visu na silaha, wakawauzia pia majirani zao wa Kilimanjaro. Mhunzi hakuwa mtengenezaji wa vitu vipya tu. Jembe lililolika alilirefusha, shoka lililopasuka alilifunga, na mkuki uliovunjika aliugeuza kuwa kisu. Ndiyo sababu wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyekuwa na maarifa aliweza kutengeneza hata koleo jingine.

Pwani: Jahazi, Uungwana na Utumwa

Katika miji ya pwani utunzaji ulikuwa elimu ya baharini pia. Jahazi lisilotunzwa huzama, na bahari haina msamaha. Katika majira ambayo pepo hazikufaa kwa safari, vyombo vilipandishwa ufukoni. Mafundi walikalafati nafasi zilizo kati ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, wakapaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini wakaipaka deheni ya shahamu na chokaa ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Kazi hiyo ilirudiwa kwa wakati wake, chombo kiwe kizima au kibovu. Leo tunapomwambia dereva amwage oili ya zamani na kutia mpya kabla injini haijalalamika, tunamfundisha jambo ambalo manahodha wa Kilwa na Lamu walilijua kwa karne nyingi: matengenezo hufanywa kabla ya hasara.

Nyumba za mawe za pwani nazo zilisifiwa kwa unadhifu wake. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, mama anamuusia binti yake, pamoja na mambo mengine, juu ya usafi wa nyumba na mwili. Utendi huo ni hazina ya lugha na ya historia. Lakini msomaji wa historia hana budi kuuliza ni nani aliyechota maji ya kuoshea nyumba hizo na nani aliyetwanga mpunga ulioliwa humo. Katika nyumba za matajiri kazi hizo zilifanywa na watumwa. Wao ndio waliobeba mitungi, waliofua nguo, waliopika na kufagia.

Hapa ndipo tunapoona mzizi mmoja wa dharau ambayo bado inatusumbua. Kazi ya mikono ya nyumbani ilipofungamanishwa na utumwa, kutoifanya kukawa alama ya uungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, sheria iliweza kuondoa hadhi ya mtumwa, lakini haikuweza kuondoa mara moja fikira kwamba mtu anayefua nguo za mwenzake ni mdogo kuliko mwenye nguo.

Ushahidi wa Majina

Majina ya vyombo vyetu ni kumbukumbu za historia. Kinu, mchi, chungu, mwiko, ungo na nyundo ni maneno ya Kibantu, nayo yanatuonyesha vyombo ambavyo wahenga walikuwa navyo kabla ya kukutana na wageni. Sufuria, sahani na sabuni yalitoka katika Kiarabu. Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kutawala sehemu zake kwa muda wa karne mbili, walituachia meza, pipa, bomba na parafujo. Kutoka Bara Hindi tulipata debe, dobi na gari. Halafu Kiingereza kikaleta spana, jeki, breki na gereji, na hata kioo cha taa kilipewa jina la chemli, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya dohani.

Neno motokaa lastahili kutajwa peke yake. Lilitoka katika Kiingereza, lakini masikioni mwa Waswahili halikuwa geni hata kidogo, kwa kuwa moto na kaa vilikuwa vitu vya jikoni tangu zamani. Mashine mpya iliyokula mafuta na kutoa moshi ilipokelewa kwa jina lililonuka jiko. Lugha yetu haikusubiri kamati ili kulipokea gari. Mafundi, madereva na mautingo walilipa kila kiungo jina, na msamiati huo wa gereji ni sehemu halali ya Kiswahili ambayo shule zetu hazijaikusanya vya kutosha.

Debe na Taa

Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa yalianza kuingia pwani yetu kwa wingi. Yalikuja katika makopo makubwa ya bati ya galoni nne, yaani lita 18 hivi, na makopo hayo yalifungwa mawili mawili katika kasha la mbao. Mafuta yalikwisha, lakini debe likabaki. Historia ya debe ni historia ya akili ya wananchi wa kawaida. Debe lilichukua nafasi ya mtungi njiani kwenda kisimani, kwa sababu halivunjiki likianguka. Sokoni likawa kipimo cha nafaka. Lilipotoboka lilikunjuliwa likawa bati la kuezekea au la kuzibia ukuta. Vipande vyake vilitengenezwa koroboi, majiko ya mkaa, mafaneli na vikuna nazi. Kasha la mbao nalo likawa kiti, kabati au kitanda cha mtoto.

Pamoja na faida hizo, debe lilileta mashaka yake. Mtungi wa udongo hupoza maji, debe huyatia joto. Debe lenye kutu huchafua maji, na ukingo wake hukata mikono ya watoto. Tena, kwa kuwa lilibeba maji mengi na halikuvunjika, uzito aliobebeshwa mtoto wa kike uliongezeka. Chombo kipya hakikupunguza kazi yake. Kilibadili umbo la kazi hiyo.

Taa nazo zilileta kazi ambayo zamani haikuwapo. Kila jioni kioo cha chemli kilifutwa masizi kwa kitambaa au karatasi, utambi ulikatwa sawasawa usitoe moshi, na mafuta yalitiwa kwa uangalifu. Kioo chenye joto kikidondokewa na tone la maji hupasuka, na watoto wengi walipata kiboko kwa kosa hilo. Koroboi, taa ya maskini isiyo na kioo, iliangusha masizi juu ya vyakula na madaftari, na ilipopinduka chini ya paa la makuti iliweza kuteketeza nyumba nzima. Hata hivyo ni kwa mwanga huo huo kwamba vizazi kadhaa vya wanafunzi wa nchi hii walijifunza kusoma.

Mpishi, Dobi na “Boi”

Chini ya utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, kazi za nyumbani zilipata sura nyingine. Miji iligawanywa kwa rangi. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila asubuhi maelfu ya Waafrika walivuka mipaka hiyo kwenda kupika, kufua, kupiga pasi na kulea watoto wa watu wengine. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa watumishi hao walikuwa wanaume. Kazi ambazo kijijini mwanamume asingezigusa, mjini alizifanya kwa mshahara, akajifunza kuoka mkate, kunyoosha shati kwa pasi ya mkaa na kupanga meza kwa desturi za kigeni. Hivyo historia yenyewe inabomoa dai kwamba mwanamume hawezi kazi ya jikoni. Aliiweza alipolipwa.

Mtumishi huyo aliitwa “boi”, hata akiwa na mvi na wajukuu. Neno hilo lilimnyima utu uzima wake, na katika jamii inayothamini umri, tusi hilo lilikuwa kubwa kuliko udogo wa mshahara. Lakini watumishi hawakukaa kimya. Walijiunga katika vyama vyao, na baada ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika kuundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa kuwa katibu wake mkuu, sauti yao ilipata nguvu. Mwaka 1956 wafanyakazi wa nyumbani na wa mahoteli mjini Dar es Salaam waligoma. Kwa mara ya kwanza mabwana wengi walilazimika kutazama masufuria yao machafu na kutambua kwamba chakula hakijipiki. Katika historia ya harakati za Uhuru, mgomo huo wa mwiko na pasi unastahili kutajwa pamoja na migomo ya makuli wa bandarini.

Motokaa na Kuzaliwa kwa Fundi wa Gereji

Mwezi Agosti 1907 ofisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kuvuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki, mwezi Mei 1909. Safari hiyo ya miezi 20 ilisifiwa sana Ulaya kama ushindi wa mashine. Kwa kweli mashine iliharibika mara kwa mara, na mahali pengi ilipita kwa sababu Waafrika waliilimia njia, waliijengea madaraja ya magogo na kuivuta kwa kamba matopeni. Tangu siku yake ya kwanza katika nchi yetu, gari liliishi kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa ubavuni mwake.

Ujuzi wa mitambo ulienea kwa njia kadhaa. Misheni, kama ile ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868, zilikuwa na karakana za useremala na uhunzi. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilihitaji mafundi wa kufua, kuchomelea na kupima. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Tanganyika walioandikishwa katika jeshi walifundishwa udereva na ufundi wa magari, na waliporudi hawakuuacha ujuzi huo kambini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, na baadaye nyingine Moshi. Lakini shule kubwa kuliko zote haikuwa na jengo. Ilikuwa chini ya mwembe, ambapo kijana alianza kwa kuosha vyuma kwa petroli na kumpa fundi spana aliyoitaja, akapanda hadi kufungua magurudumu, kisha breki, na mwisho, baada ya miaka mingi, akaruhusiwa kugusa injini.

Mpango huo si mgeni kwetu. Neno fundi lina undugu na kitenzi kufunda, na mwanafunzi wa gereji alifundwa kama kijana wa jandoni, kwa hatua, kwa utii na kwa siri za kazi. Alijifunza kusikiliza kabla ya kufungua. Alijua kwamba gari linalochemka halifunguliwi mfuniko wa rejeta papo hapo, kwani mvuke utamchoma uso. Alijua kwamba mlio wa chuma kwa chuma wakati wa kukanyaga breki ni dalili kwamba kitambaa cha breki kimekwisha. Alijua kwamba oili iliyokuwa nyeusi na nyepesi hailindi tena vyuma visisagane. Elimu hii ilitolewa kwa mdomo na kwa mkono, nayo ni fasihi simulizi ya namna yake.

Gari bovu nalo lilipata ahera njema katika nchi yetu. Springi za lori zilifuliwa zikawa mapanga na visu. Matairi yaliyokwisha yalikatwa makatambuga. Mipira ya ndani ilitumiwa kufungia mizigo na kutengenezea manati. Rimu ya gurudumu ilitundikwa mtini, ikagongwa kwa chuma, ikawa kengele ya shule. Ni nani kati ya walimu na wanafunzi wa Tanzania asiyeijua sauti hiyo?

Uhuru na Kazi za Nyumbani

Baada ya Uhuru mwaka 1961, kazi za nyumbani ziliingia katika siasa ya nchi. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962 chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kwa saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba wanaume wengi hawafanyi hivyo. Katika mwaka huo huo siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule ziunganishe masomo na kazi za mikono. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kufukia madimbwi ya mbu. Kufagia ua kulitangazwa kuwa ujenzi wa taifa.

Juhudi iliyogusa mabega ya akina mama zaidi ya nyingine ilikuwa ya maji. Mwaka 1971 taifa lilikusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Mabomba yalitandazwa, visima vilichimbwa, pampu zilifungwa, na katika vijiji vingi debe lilipata mapumziko. Lakini lengo halikufikiwa kwa wakati. Sababu zilikuwa nyingi, nazo zilikuwa pamoja na uhaba wa fedha na ongezeko la watu. Sababu moja yahusu hasa mada yetu. Pampu nyingi zilijengwa bila mtu wa kijijini kufundishwa kuzitunza, bila akiba ya vipuri, na bila mwanakijiji kuhesabu kwamba ni mali yake. Ilipokatika washa ya ngozi au ya mpira, kitu kidogo kuliko kiganja, mtambo mzima ulisimama. Mama akarudi mtoni na debe lake, akitembea kupita kando ya pampu iliyonyamaza.

Jambo hili tulitafakari kwa makini. Fundi wa jahazi asingeacha chombo chake bila kalafati, na mwenye nyumba ya udongo asingengoja ukuta uanguke. Ilikuwaje basi tukaacha pampu ife kwa kukosa washa? Jibu moja ni kwamba kujenga kulipewa sherehe, hotuba na utepe wa kukatwa, na kutunza hakukupewa chochote. Dharau ile ya zamani, iliyomtazama mfagiaji na dobi kama watu wadogo, ilihamia katika miradi mikubwa. Ni kwa sababu hiyo sera za maji za miaka ya baadaye, na vyombo vya watumiaji maji vinavyosimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, zimetilia mkazo kwamba wanakijiji wenyewe wachangie na kusimamia matengenezo.

Miaka ya Uhaba

Uchumi wetu ulipata mapigo mfululizo. Bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne mwaka 1973 hadi 1974, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilichukua malori, mafuta na fedha nyingi. Kuendesha magari ya binafsi Jumapili alasiri kulipigwa marufuku ili kuokoa petroli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, vitambaa, betri, matairi na vipuri viliadimika madukani, na ulanguzi ukashamiri hadi serikali ikaendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983.

Katika nyumba, akina mama waligeukia maarifa ya bibi zao. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na masufuria yalisuguliwa kwa majivu na makumbi ya nazi. Kola ya shati iliyochakaa ilifumuliwa, ikageuzwa na kushonwa tena. Njiani, tairi la baiskeli lilijazwa majani badala ya mpira wa ndani, na springi iliyovunjika ilifungwa kwa vipande vya mpira. Tangi la petroli lililovuja lilizibwa kwa kipande cha sabuni, nayo sabuni yenyewe ilitafutwa kwa foleni. Gari moja lilisimamishwa ili vyuma vyake viyaokoe magari mawili. Mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam waligeuza mabati na vyuma chakavu kuwa majiko, ndoo, masanduku na vipuri, na Shirika la Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, lilijaribu kuwapa wafanyakazi wa namna hiyo zana na mahali pa kufanyia kazi.

Hatupendi kuupamba uhaba. Uliumiza watu, na breki za kubahatisha ziliua abiria. Lakini lazima tukiri kwamba katika miaka hiyo fundi alipata heshima ambayo hakuwa nayo kabla. Ofisa mwenye shahada alimngoja chini ya mwembe kwa unyenyekevu. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, na hasa magari yaliyotumika ya Japani yalipomiminika katika miaka iliyofuata, heshima hiyo ilipungua tena. Kitu kilichoharibika kikawa rahisi kutupwa, na fundi akaitwa mbabaishaji.

Hitimisho

Historia hii ina mafunzo matatu. Kwanza, mgawanyo wa kazi za nyumbani haukuandikwa na maumbile. Wanaume walipika Uzunguni, wanawake walijenga kuta za nyumba, na wote walifanya hivyo kwa ufundi. Kwa hiyo mvulana anayekataa kufagia darasa kwa hoja ya mila, na msichana anayeambiwa kwamba spana si yake, wote wawili wanadanganywa juu ya mila yenyewe. Pili, mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu haki zake mwaka 2011, lakini mkataba wa kwanza ni ule wa mlangoni petu: jina lake kamili, mshahara wake kwa wakati, saa zake za kulala, na shule kwa yule ambaye bado ni mtoto. Tatu, utunzaji ni nusu ya ujenzi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, utapunguza mzigo wa kuni na moshi machoni mwa mama zetu. Utafaulu iwapo mpira wa gesi utakaguliwa, jiko litasafishwa, na kijijini atakuwapo mtu anayejua kulitengeneza.

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Wanafunzi na watumwe kwa bibi zao na kwa mafundi wa mitaani, wakaandike majina ya vyombo, hatua za kazi na hadithi za ajali ndogo na jinsi zilivyorekebishwa. Msamiati huo usipokusanywa sasa, wazee watakwenda nao. Tena, kabla ya kuagiza madawati mapya, shule na ihesabu madawati yaliyovunjika mguu mmoja tu, itafute misumari, nyundo na gundi, na wavulana kwa wasichana wakae chini wayatengeneze. Dawati litakalosimama tena litakuwa somo la historia na la uraia kwa pamoja, na litawaeleza vijana wetu maana ya ile methali waliyoikariri tangu darasa la kwanza, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.